Vipimo vya FIT vinatoka lakini havirudi: tufanyeje kwenye kituo cha daraja la III?

musawo_ziwani

Habari za kazi wenzangu. Kituo ni cha daraja la III upande wa Bunyoro, magharibi mwa Uganda, karibu na Ziwa Albert. Wanaokuja ni wenyeji, wavuvi, na wakimbizi kutoka Kongo, ndiyo maana Kiswahili kinatubeba kila siku. Tuliletewa vipimo 200 vya FIT vya kadi, vinavyosomwa kama mRDT (kipimo cha haraka) ya malaria, vya kutafuta damu iliyojificha kwenye kinyesi ili saratani ya utumbo mpana ikamatwe mapema.

Baada ya miezi mitatu hali ni hii: vimetoka 118, vimerudi 41, chanya 9. Katika hao 9, aliyefika kolonoskopi (kamera ya kuangalia ndani ya utumbo mpana) ni mmoja tu.

Sasa tunaambiwa tuongeze kiwango cha uchunguzi. Sitaki kugawa tu mpaka boksi liishe halafu tuite hiyo kazi. Mnashauri tushike wapi kwanza: ugawaji, urudishaji, au hawa chanya? Na je, 9 kati ya 41 si nyingi mno?

---

NdaniYaRejista

Musawo, kwanza tutenganishe namba, maana zinachanganywa kila mahali. 41 kati ya 118 ni asilimia 35. Hicho ni kiwango cha kurudisha. Kiwango cha uchunguzi kinapatikana ukigawanya waliokamilisha kipimo kwa wote wanaostahili katika eneo lako, wakiwemo ambao hamjawahi kuwaona. Vipimo vilivyotoka tu havihesabiwi hapo. Kadi iliyo juu ya kabati nyumbani kwa mtu haijampima mtu.

Uganda haina mpango wa kitaifa wa kupima watu wote saratani hii kama ulivyo wa mlango wa kizazi, kwa hiyo andikeni kanuni yenu na muibandike ukutani. Pendekezo langu: miaka 45 hadi 75, hana dalili, na hajafanyiwa kolonoskopi ndani ya miaka 10. Marekani nao walishuka kutoka 50 hadi 45 mwaka 2021. Neno "hana dalili" lipigieni mstari, nadhani wengine watalieleza.

Kuhusu kurudisha. Nadhani sasa mnagawa kwa yeyote anayepita wodi ya nje. Hamieni kwenye siku ya kliniki ya presha na sukari. Wale wana umri unaotakiwa, wana kadi ya kliniki, na wana tarehe ya kurudi hata msipowaomba. Kliniki za jamii za Marekani hutuma kipimo kwa posta mpaka mlangoni, au humpa mtu pale anapokuja kuchomwa sindano ya mafua. Posta ya mlangoni hatuna, ila tarehe ya kurudi ya mgonjwa wa presha inafanya kazi ileile.

Mbinu yenyewe: mpe kadi leo, lakini mwambie asichukue choo leo. Achukue choo cha asubuhi ya siku ya kliniki ijayo, au cha jioni ya jana yake, aje nacho. Hapo anasafiri mara moja tu. Watu wengi hawarudishi kwa sababu umewaambia "leta ndani ya siku mbili" wakati nauli ya boda ya kuja mara ya pili hawana. Wala hawajakataa kipimo.

Daftari liwe na safu hizi, hata la kuchora kwa rula: namba ya kadi, jina, umri, kijiji na VHT (mhudumu wa afya wa kijiji) wake, simu na mwenye simu, tarehe ya kutoa, tarehe ya kurudi, jibu, nani kamwambia jibu na lini, alikopelekwa, tarehe ya kolonoskopi, kilichoonekana. Safu tatu za mwisho ndizo huachwa wazi, na kila Ijumaa mtu mmoja aliyetajwa kwa jina azipitie hizo tu. Ikiwa ni kazi ya wote, itakuwa si ya mtu.

---

Maabara256

Nianze na swali lako la mwisho. Ndiyo, 9 kati ya 41 ni nyingi. Ni karibu asilimia 22. Kwa watu wasio na dalili ungetegemea chini ya 10. Kuna sababu nne za kuangalia kabla hujalaumu utumbo wa mtu.

Ya kwanza ni kizingiti cha kadi, yaani kiasi cha damu kinachoifanya isome chanya. Kadi mbili zenye umbo moja zinaweza kutofautiana mara nne. Soma karatasi ya ndani utafute vitu vitatu: kizingiti kwa nanogramu kwa mililita, ujazo wa maji ya chupa, na uzito wa kinyesi kinachobebwa na kijiti. Zidisha nanogramu kwa mililita, gawanya kwa miligramu. Unapata mikrogramu za hemoglobini kwa gramu ya kinyesi, na hiyo ndiyo namba ya kulinganisha. Mfano: nanogramu 100, mililita 2, miligramu 10 ni 100 × 2 ÷ 10 = 20. Hicho ndicho kizingiti kilichozoeleka kwa uchunguzi wa watu wazima Marekani. Tuandikie za kwako.

Ya pili ni saa. Kadi nyingi husomwa dakika ya 5, na mwisho ni dakika ya 10. Msomaji akienda kuhudumia mama wa chanjo akarudi baada ya nusu saa, mstari wa T (wa jibu) unaweza kuwa umejitokeza kwa kukauka tu. Wekeni saa ya mezani pale pale. Mstari wa T uliofifia ndani ya muda ni chanya. Uliotokea nje ya muda ni kadi ya kutupa na kurudia.

Ya tatu ni damu isiyo ya utumbo mpana. Mwanamke asubiri siku 3 baada ya hedhi kuisha. Bawasiri inayotoka damu waziwazi isubiri, na mtu huyo achunguzwe kwa kidole njia ya haja kubwa badala ya kupewa kadi. Ya nne ni kichocho cha tumbo, na kwa kando ya Ziwa Albert sitaki kukificha, ndicho ninachokishuku zaidi.

Sasa upande wa pili, hasi za uongo, ambazo hazipigi kelele. Hemoglobini huharibika kwenye joto. Vipimo vingi vimeandikwa vihifadhiwe nyuzi 2 hadi 30, na stoo ya bati mchana wa Januari inapita hapo bila shida. Wekeni kipimajoto kinachoonyesha cha juu na cha chini, andikeni asubuhi na alasiri. Mgonjwa mwambie aiweke karibu na mtungi wa maji, kwenye kivuli. Akishachukua choo, chupa isikae mfukoni mwa koti kwenye boda ya saa mbili. Na kinyesi chenye damu nyingi sana kinaweza kuzidi nguvu ya kadi hadi T isionekane vizuri, kwa hiyo anayeona damu kwa macho asipewe kadi kabisa.

Halafu choo cha shimo. Picha kwenye maelekezo ya kiwandani zinaonyesha choo cha kukaa chenye maji. Mtu wa choo cha shimo anabaki anashangaa, na ana haki. Mwonyeshe hivi: jani la mgomba lililofutwa likakauka, au kavera (mfuko wa plastiki) safi iliyotandazwa juu ya beseni, liwekwe nyuma ya tundu. Akojoe kwanza pembeni, ndipo ajisaidie juu ya jani. Achome kijiti sehemu 5 au 6 tofauti za kinyesi, juu na pembeni. Asichote kama anachota ugali. Kinachotakiwa ni kile kinachobaki kwenye mikunjo ya kijiti, kikizidi kitaziba njia na kadi itaonyesha batili. Arudishe kijiti, afunge mpaka asikie "tak", atikise. Kilichobaki kiende shimoni. Mwonyeshe kwa udongo wa mfinyanzi au uji mzito, afanye mwenyewe mbele yako mara moja. Dakika mbili hizo zinaokoa kadi.

Jambo la mwisho: acheni kuwaambia watu wasile nyama au wasinywe dawa za chuma. Hiyo ilikuwa ya kipimo cha zamani cha gwayaki, kilichotaka sampuli za siku tatu na mashariti ya chakula. FIT inatafuta globini ya binadamu, nyama ya ng'ombe haiisumbui. Ukimwekea mtu masharti yasiyo na kazi, umempa sababu ya kuahirisha. Na musichukue kinyesi cha kwenye glovu baada ya kupima kwa kidole mkakiweka kwenye kadi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005, kwa gwayaki, ulionyesha sampuli moja ya namna hiyo inakamata takriban 5 tu kati ya 100 wenye uvimbe wa hatari.

---

mzee_endoskopi

Mmejibu vizuri, lakini nitasema lisilopendeza: simamisheni ugawaji kwa sasa. Mna watu 8 wenye jibu chanya ambao hawajafika popote. Kanuni za Wilson na Jungner, zilizotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1968, zilishasema kwamba nafasi ya kuthibitisha na kutibu iwepo kabla ya kutafuta ugonjwa. Kumwambia mtu "kinyesi chako kina damu" halafu ukamwacha ni kumwongezea mzigo.

Hesabu ianzie mwisho. Pigieni simu hospitali ya rufaa ya mkoa, muulize mambo matatu: mashine ya kolonoskopi inafanya kazi, siku gani, na mnaweza kushikiwa nafasi ngapi kwa mwezi. Tuseme ni 2. Kwa chanya 8 kati ya 100, mnaweza kupokea kadi 25 kwa mwezi. Kwa chanya 22 kati ya 100 mliyonayo sasa, ni kadi 9 tu. Hicho ndicho kiwango chenu halisi, na wilaya iambiwe hivyo kwa maandishi. Ikiwa mkoani hakuna mashine, njia ni Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, ambayo ipo tangu 1967, na bajeti ya safari iandikwe kabla ya kadi.

Hao 8 wasisubiri mwaka. Utafiti mkubwa wa California uliochapishwa 2017 ulionyesha kuwa hatari ya kukuta saratani, na ya kuikuta imesonga mbele, inapanda kolonoskopi ikichelewa kupita miezi 10 baada ya FIT chanya. Wekeni lengo la miezi 3, mkikosa iwe 6.

Na maandalizi ya tumbo ndiyo yanayoua safari nyingi. Mtu anafika baada ya siku nzima ya basi, utumbo umejaa, anarudishwa. Mpeni karatasi hii kabla hajaondoka. Siku 7 kabla, aache vidonge vya chuma, maana vinapaka utumbo weusi. Siku 3 kabla, aache wimbi, simsim, karanga, maharage, mahindi, dodo (mchicha), sukuma, mapera na pasheni yenye mbegu. Wali mweupe, mayai, samaki na mchuzi uliochujwa ni sawa. Siku moja kabla ni vinywaji vyepesi tu: chai ya rangi, maji, juisi iliyochujwa, isiwe nyekundu wala zambarau.

Dawa ya kusafisha ya PEG ni lita 4, zigawanywe mara mbili. Kipimo kikiwa saa 4 asubuhi: lita 2 kuanzia saa 12 jioni ya jana yake, glasi moja kila dakika 15. Lita 2 nyingine kuanzia saa 11 alfajiri, ziishe saa 2 asubuhi. Choo cha mwisho kiwe maji ya njano yanayoonyesha chini. Sasa fikirieni: mtu huyo hawezi kuwa ndani ya basi. Lazima afike siku moja kabla na alale karibu na hospitali penye choo. Nauli bila malazi ni rufaa nusu. Awe na mtu wa kumsindikiza, kwa sababu akipewa dawa ya usingizi hapandi boda peke yake siku hiyo.

Kwa kuwa wengi watatoka kliniki yenu ya sukari: asimeze dawa ya sukari wala kuchoma insulini kwenye njaa hiyo kabla ya kupewa maelekezo na anayempima. Ya presha ameze kwa maji kidogo. Anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) asiiache wala asiendelee nayo kwa kujiamulia, aulize mapema.

La mwisho, lile neno "hana dalili". Damu inayoonekana, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, hamu ya haja isiyoisha, kukonda, uvimbe tumboni, au upungufu wa damu kwa mwanaume yeyote: huyo hayumo kwenye uchunguzi wa jumla. Umri wake usiulizwe pia, kwa sababu katika eneo letu la Afrika sehemu kubwa ya wagonjwa wako chini ya miaka 50. Huyo alale ubavu wa kushoto, magoti kifuani, glovu na jeli, kidole. Kidole kinafika sentimita 7 hadi 8, na saratani nyingi za puru zinaguswa hapo. Wekeni sheria moja kituoni: hakuna kozi ya pili ya metronidazole (dawa ya amiba), wala tyubu ya pili ya dawa ya bawasiri, bila kidole. Nadhani sheria hiyo peke yake itawapatia wagonjwa wengi kuliko kadi zote 200.

---

musawo_ziwani

Asante sana wazee wangu. Swali moja kuhusu kichocho. Wazo limetolewa hapa kituoni kwamba chanya wote wapewe praziquantel, halafu FIT irudiwe baada ya wiki kadhaa. Ikiwa hasi, tumalize. Ni sahihi?

---

Maabara256

Nusu. Kichocho cha tumbo kinatoa damu kwenye utumbo mpana wenyewe, hivyo FIT inakiona. Fanya Kato-Katz (kutafuta mayai ya kichocho kwenye kinyesi, kwa kile kibati cha miligramu 41.7) au CCA, kipimo cha kichocho cha mkojo, na ukimkuta nacho mtibu: miligramu 40 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 ni 2,400, yaani vidonge 4 vya 600. Ukikuta mayai ya minyoo ya mjeledi, albendazole nayo. Hapo kurudia FIT kunaleta maana kidogo.

---

mzee_endoskopi

Hapana, hapo tunaachana. Kutibu ni lazima, lakini FIT hasi ya pili haifuti chanya ya kwanza. Uvimbe unatoa damu leo, kesho haitoi. Kwa jumla FIT moja inakamata takriban saratani 79 kati ya 100, maana yake moja kati ya tano inaponyoka hata bila minyoo. Ukirudia ili upate jibu unalolitaka, utalipata. Mtu anaweza kuwa na kichocho na saratani pamoja.

---

Maabara256

Nakubali, nilikimbilia. Basi tugeuze mpangilio: kichocho kije kabla ya kadi. Katika vijiji vya ziwani, pima na tibu kwanza, halafu toa FIT baada ya miezi 2 hivi. Kama VHT wanagawa praziquantel kijiji kizima, panga kadi zifuate baada ya ugawaji huo. Ukishatoa kadi na ikawa chanya, ni chanya. Hiyo miezi 2 ni kadirio langu la kuacha majeraha yapone, wala si kanuni ya kitabu, na dawa haiui minyoo michanga, kwa hiyo wachache watabaki wakitoa damu.

---

dada_wa_VHT

Nichangie upande wa kijiji. Simu nyingi ni za familia. Musipige mkasema "jibu lako la kansa limetoka" kwa yeyote aliyepokea. Ujumbe uwe hivi: "Habari, ni kituo cha afya. Kesho kutwa ni siku yako ya kliniki. Usisahau kuja na kile kichupa." Basi. Jibu chanya litolewe ana kwa ana, na aliyelitoa amwambie palepale tarehe ya safari.

Wanaume wengi wanafikiri kinyesi kinachukuliwa kwa mambo ya uchawi au kupima UKIMWI kwa siri. Waonyesheni kadi ikisomwa mbele yao, wahesabu dakika 5 pamoja nanyi. Wakiona mistari kama ya malaria wanatulia. Na kichupa kipewe bahasha ya kaki isiyopenyeza macho, mtu hataki kubeba kinyesi sokoni kikionekana.

VHT apewe orodha ya wasiorudisha wa kijiji chake, majina machache, si ya kituo kizima. Na apewe hela ya boda kabla, si ahadi.

---

musawo_ziwani

Nimesoma karatasi ya ndani: nanogramu 50, mililita 2, miligramu 20. Kwa hesabu ya Maabara ni 5.

---

Maabara256

Ndiyo hiyo. Mikrogramu 5 ni robo ya 20. Uingereza wanatumia 10 kwa watu wenye dalili tayari, nyie mko chini ya hapo kwa wasio na dalili, tena kando ya ziwa. Kadi zilizobaki zitumieni polepole kwa hesabu ya nafasi, na oda ijayo iandike kizingiti kwa mikrogramu kwa gramu, msiandike "FIT" tu, mtaletewa za bei rahisi zozote.

---

mzee_endoskopi

Na wale 8 bado wanakwenda. Anza na wenye Hb (kiwango cha damu) ya chini, halafu wenye umri mkubwa.